Kisahani cha Upande wa Wanawake

Jumapili, 3 Shaabani

Haji Abdulmuhsin ameniita ofisini saa nne asubuhi. Nilidhani ni habari ya spika. Siyo. Alikuwa ameketi na mpwa wake Muayad, aliyerudi kutoka Dammam na viatu vilivyochongoka na kompyuta nyembamba kama sinia. Muayad anauza waifai ya wingu. Haji anataka kujua kama itaufaa ukumbi wake wa harusi. Akasema mimi ni fundi wake wa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo ataamua kwa neno langu. Jibu Jumamosi.

Muayad alieleza. Visahani vyetu vya waifai vilivyo darini hupokea amri kutoka kwenye Sanduku, na Sanduku liko kwenye kabati langu chini ya ngazi. Kwake hakuna Sanduku. Amri zinatoka kwenye mitambo ya kampuni, mbali huko, kupitia intaneti, na msimamizi huona kila kitu kwenye skrini akiwa popote. Alisema "popote" mara tano. Mara ya sita alisema hata kitandani, ami.

Nikamwambia kitandani kwangu wanalala wajukuu watatu na mimi ndiye wa pembeni.

Haji alicheka. Muayad hakucheka. Bao langu la kwanza.

Sasa nitaandika ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Ukumbi una pande mbili na ukuta katikati: wanaume huku, wanawake kule. Harusi ikianza, mwanaume hakanyagi upande wa wanawake hata paa likianguka. Simu za wageni wa kike huachwa mlangoni kwa namba, kama viatu msikitini, ili picha ya mtu isitoke. Mke wangu Masuma ndiye msimamizi wa upande ule. Sheria ya simu ni yake, na simu ya kwanza kuachwa kila Alhamisi ni yake. Vibao vya skrini vya jikoni, vya kupokea maagizo ya kahawa, amevipaka rangi ya kucha kwenye jicho la kamera. Nyekundu. Tabaka mbili.

Sasa, kile kisahani cha karibu na jukwaa la bibi harusi huzimika. Kila Alhamisi, mnamo saa tatu na dakika arobaini usiku. Kikizimika, njia ni moja: simu ya waya iliyo ukutani, kutoka chumba cha chetezo kwake hadi kabatini kwangu. Inalia. Naipokea. Ananiambia kimezimika. Namuuliza taa ni rangi gani. Namwelekeza. Kazi yenyewe haichukui dakika moja. Zilizobaki, kumi na tano hivi, tunaongea.

Nyumbani hatuongei. Hatujagombana. Nyumbani tuko tisa. Mama yangu analala sebuleni na hasikii vizuri, kwa hiyo kila neno lazima lirudiwe kwa sauti ya muuza samaki. Mwanetu Radhi na mkewe wamehamia na watoto. Mimi na Masuma tunaambiana gesi imekwisha, nepi zimekwisha, basi. Ya kweli tunaambiana Alhamisi, kwa waya.

Kwa mfumo wa Muayad, kisahani kikizimika skrini itaona. Skrini itakiwasha. Mama Radhi hatakuwa na sababu ya kupiga simu.

Kwa hiyo waifai ya wingu haitufai. Kilichobaki ni kutafuta kwa nini.


Jumatatu, 4 Shaabani

Nimeketi kabatini na karatasi, kati ya Sanduku na magunia ya iliki. Nimegawa karatasi kwa mstari. Kushoto, sababu za kukataa. Kulia, za kukubali. Nimeanza kushoto makusudi.

Kushoto: leseni yao inalipiwa kila mwaka. Usipolipa, visahani vinageuka mapambo ya dari. Sanduku langu lililipiwa mara moja, mwaka ule tulipobadilisha mazulia.

Kushoto tena: intaneti ikikatika, amri hazifiki. Nimepigia mstari.

Kulia: Haji amefungua ukumbi wa pili Mubarraz na anakodi wa tatu Uyun. Fundi ni mmoja na gari lake ni la mwaka wa tisini na nane. Skrini moja ingeona kumbi zote tatu. Hili ni zito. Nimeliandika kwa herufi ndogo.

Kulia tena: Sanduku lina miaka kumi na moja. Waliolitengeneza wameacha kuliletea dawa, maana yake kasoro zake mpya hazizibwi tena. Nalipangusa vumbi kwa mswaki. Linakohoa.

Kulia tena: fundi ni mwanaume na nusu ya ukumbi hawezi kuingia. Mfumo unaomruhusu kushughulikia chumba asichoruhusiwa kukanyaga unaonekana kana kwamba ulibuniwa hapa Hufuf kwa ajili yetu. Nimekaa nikiitazama sentensi hii kwa muda. Kisha nikaikunja karatasi na kuilaza chini ya gunia.

Mchana nilikwenda kunyoa sokoni Qaisariya. Nilikuwa nimenyoa Jumamosi, lakini kinyozi yule ana wateja wengi. Nikamwambia yeye tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba siku hizi kuna kumbi zinataka kupeleka mambo ya upande wa wanawake mawinguni. Sikusema picha. Nilisema mambo. Kama msikilizaji aliwaza picha, hiyo ni juu yake.

Hesabu yangu: neno litamfikia Haji taratibu, kama wiki hivi, likiwa limevaa heshima ya maoni ya watu.


Jumatano, 6 Shaabani

Halikuchukua wiki.

Jana jioni Bibi Taiba, ambaye mjukuu wake anaolewa kwetu Alhamisi ya wiki ijayo, alimpigia Masuma simu. Aliuliza kama ni kweli harusi ya mjukuu wake itaonekana hadi Bombei. Masuma akamuuliza nani kasema. Bibi Taiba akasema nani hajasema. Alisikia kwa mkwewe, mkwewe kwa fundi cherehani, fundi cherehani kwa mtu aliyekuwa ananyolewa. Hadi saa tatu asubuhi leo familia tatu zilikuwa zimempigia Haji. Mbili zinataka kuhamia ukumbi mwingine. Ya tatu inataka visahani vyote ving'olewe na vizikwe.

Haji alikuwa mweupe kama fulana yake. Alisema: hii biashara si wali wala mazulia, Baba Radhi. Ni kwamba mwanamke akija hapa akavua abaya yake, amevua kwa amani. Hiyo ikiondoka, nageuza ukumbi ghala la tende.

Nikasema watu wana maneno.

Sikuwaza jambo moja, na naliandika kwa sababu ni kweli. Mlango ule ni wa Masuma. Miaka ishirini na miwili haijatoka picha hata moja. Uvumi haukumgusa Muayad hata kidogo. Ulimgusa yeye.

Nilimkuta jikoni nyumbani akifunga mkate mwekundu wa tende kwenye kitambaa. Anakwenda kwa Bibi Taiba. Nikamuuliza kama anajua nani aliyeanzisha. Akanitazama kidevuni. Akasema, "Umenyoa mara mbili wiki hii, Baba Radhi."

Akatoka.

Alikaa kwa Bibi Taiba kwa saa mbili. Nimepata habari kutoka kwa mkwe wetu aliyemsindikiza. Masuma alimweleza kwamba kinachokwenda huko kwa kampuni ni hesabu tu: kisahani fulani kiko hai, kimebeba vifaa saba, kina joto kiasi hiki. Hakijui vifaa ni vya nani. Hakina jicho. Bibi Taiba akasema basi ni kama mlinzi kipofu. Masuma akasema kipofu na bubu, na tena ana kazi ya kuhesabu tu. Bibi Taiba akasema angemtaka mume wa namna hiyo. Wakacheka, wakanywa kahawa, na Bibi Taiba mwenyewe akawapigia simu familia zile tatu. Aliuliza pia ni nani mpumbavu aliyezusha. Masuma akajibu ni mwanaume mmoja asiye na kazi za kutosha.

Kisha, kwa kuwa yote yalitulia, Haji aliamuru mfumo ujaribiwe kwenye harusi ya kesho. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, mimi na Muayad tukaingia upande wa wanawake kufunga visahani vipya vinne, Masuma akiwa amesimama katikati na kishada cha funguo. Muayad alizunguka na kompyuta akisema mawimbi ni bora, ami, ni bora kabisa. Nikamwambia ukumbi mtupu huwa bora siku zote. Ngoja waingie wanawake mia nne. Mwili wa binadamu unameza mawimbi kama sifongo. Akaandika hilo. Hakujua kwamba aliyemfundisha ni adui.

Masuma alimuuliza swali moja tu. Kisahani cha jukwaani kikizimika, nani atajua? Muayad akasema mimi nitajua, mama, tena papo hapo, wewe usijisumbue na kitu.

Masuma akasema, "Ahaa."

Sikuipenda ile ahaa. Sijui kwa nini.


Ijumaa, 8 Shaabani

Nimeamka adhuhuri. Naandika ya jana.

Mpango ulikuwa wa kitoto kwa wepesi wake. Mfumo wa wingu unategemea intaneti. Intaneti inaingia kwa waya mmoja, na waya huo unapita kabatini kwangu. Saa tatu kamili, wageni wakiwa wanamiminika, niliuchomoa. Kisha nikakaa juu ya gunia la iliki kungoja ukumbi uanguke.

Haukuanguka.

Visomeo vya kadi mlangoni viliendelea kusoma mialiko. Orodha ya wageni imo kwenye kompyuta ya humu humu. Jikoni maagizo ya kahawa yaliendelea kufika. Visahani vilijua kazi yao, vikaifanya bila kungoja amri ya mtu. Ningetaka kubadilisha kitu, nisingeweza. Lakini nani alitaka kubadilisha kitu? Muayad alikuwa amelieleza hili Jumapili na mimi nilikuwa namtazama viatu.

Kilichokufa ni kimoja tu: mechi aliyokuwa anaitazama Haji ofisini. Aliteremka mwenyewe, ngazi zote, mkono kiunoni. Akaniuliza kwa nini intaneti imekatika dakika ya themanini na nane. Nikarudisha waya nikasema ilikuwa imelegea. Akaniuliza kwa nini nimekaa juu ya iliki yake.

Nilikuwa nimeshindwa. Nilikuwa najiandaa kwa Alhamisi zisizo na mlio. Halafu, saa tatu na dakika arobaini, simu ikalia.

Kimezimika. Kisahani kipya, cha wingu, cha Dammam. Kimezimika kama wenzake waliotangulia.

Sijui niandike vipi nilivyofurahi. Nikamuuliza taa ni rangi gani. Akasema hakuna taa, Baba Radhi, ni giza kama moyo wa mkopeshaji. Nikamwelekeza: pita nyuma ya kabati la chetezo, shika plagi, isukume mpaka mwisho. Nikasikia anapumua akiinama. Magoti yake si ya zamani. Akasema imewaka. Kisha akaniambia bibi harusi amevaa la rangi ya maziwa na mama yake analia kuliko inavyohitajika. Akaniuliza nimekula. Nikasema bado. Akasema sahani yangu itapita dirisha la vyombo, paja la kuku liko chini ya wali, amelifukia wapishi wasilione.

Nikamwomba radhi kwa habari ya kinyozi. Akasema anajua. Nikasema nilikuwa na sababu. Akasema hilo pia analijua, na akataka kusema kitu kingine, lakini Muayad akatokea mlangoni kwangu na simu mkononi, amepata onyo kwamba kisahani kimezimika. Nikainua kiganja. Nikamwambia niko kazini. Akasimama dakika kumi akinisikiliza nikimuuliza mke wangu kama ngoma zimeanza, kisha akaondoka.

Paja lilikuwa chini ya wali. Na vipande viwili vya limau, napenda hivyo.

Kesho ndiyo siku ya jibu. Ushahidi ninao. Mfumo umeshindwa jaribio la kwanza, mbele ya mia nne. Nitamzika Muayad kwa upole.


Jumamosi, 9 Shaabani

Muayad alikuja amevaa viatu vilevile. Nilianza mimi. Nikasema kwa huzuni ya fundi mkongwe kwamba kisahani kimezimika saa ileile, kama vile vya zamani, kwa hiyo tatizo ni lilelile na wingu halina dawa yake.

Muayad akasema nashukuru umelitaja, ami. Akafungua kompyuta na kuielekeza ukutani.

Sanduku halikumbuki. Likizimiwa na kuwashwa, limesahau. Wingu linakumbuka kila kitu, na kwa sekunde. Pale ukutani iliandikwa: kisahani cha jukwaani, saa tatu, dakika arobaini, sekunde kumi na mbili. Sababu: umeme umeondolewa. Visahani vingine vitatu vya upande uleule, vilivyo kwenye waya uleule wa umeme, havikutikisika. Dakika moja na nusu baadaye, umeme umerudishwa.

Muayad akasema hiki hakikufa, ami. Hiki kimechomolewa na mtu kwa mkono.

Niliisoma mara tatu. Plagi ile iko nyuma ya kabati la chetezo. Ufunguo wa chumba cha chetezo ni mmoja.

Haji alikuwa anaitazama skrini na midomo yake inahesabu funguo. Huyu ndiye Haji aliyemfukuza mpishi mwaka jana kwa kuficha simu ndani ya birika. Akauliza, polepole, chumba kile huingia nani.

Nikasema ni mimi.

Akasema wewe huingii kule, Baba Radhi. Nikasema amri ni yangu. Nilimwagiza Mama Radhi akichomoe kila Alhamisi, dakika moja, kipumzike. Muayad akauliza kipumzike na nini. Nikamwambia kila kitu kinachofanya kazi bila kusemeshwa kinahitaji kupumzika. Akafungua kinywa. Haji akamwambia anyamaze.

Haji alinitazama kwa muda mrefu. Amefiwa na mkewe miaka sita sasa. Akauliza kama agizo hilo nalo ni la miaka ishirini na miwili. Nikasema sikumbuki, Sanduku halikumbuki pia. Akasema basi, na nipe neno lako.

Nikatoa karatasi iliyokuwa chini ya gunia. Ilinukia iliki. Nikaisoma upande wa kulia, yote, hata herufi ndogo. Kumbi tatu, fundi mmoja. Sanduku limezeeka. Upande wa wanawake hauingiliki, na hili linaingia bila kuona. Nikasoma na kushoto: leseni ya kila mwaka, ikumbukwe kabla haijaisha, na iwe kwa jina la Haji, si la Muayad. Muayad akakohoa. Nikasema waifai ya wingu inatufaa. Haji akasema nashukuru. Akauliza Sanduku lifanywe nini. Nikaomba libaki kabatini. Limezoea pale.

Jioni nilimkuta Masuma akiosha mchele. Kwa mara ya kwanza wiki hii jikoni hakukuwa na mtu. Nikamwambia wingu linakumbuka. Mikono yake ikasimama majini. Akauliza linakumbuka tangu lini. Nikasema Alhamisi moja tu. Akasema afadhali, maana nyingine zinakaribia miaka minne.

Miaka minne ni tangu Radhi na mkewe walipohamia.

Nikamwambia Haji amekubali kwamba amri ilikuwa yangu. Akaendelea kuosha. Maji yalitoka mekundu, mchele wetu wa hapa ndivyo ulivyo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Simu ile ina mlio pande zote mbili, Baba Radhi. Ungeweza kupiga tu."

Mama akaita kutoka sebuleni kuuliza tunasema nini. Tukamwambia gesi imekwisha.


Ijumaa, 15 Shaabani

Wiki nzima nimeitafakari ile sentensi. Ungeweza kupiga tu. Mwanamke mwenye akili. Lakini kupiga bila sababu, mtu anaanza na neno gani? Miaka yote ile yeye ndiye amekuwa akiinama nyuma ya kabati ili tupate sababu, kwa magoti yale. Nikaona zamu ni yangu.

Muayad amenifungulia njia ya kuingia kwenye skrini. Jina langu humo ni Ami. Nilipekua siku tatu. Jumanne nikagundua sehemu ya ratiba: unaweza kuamuru kisahani kijizime na kujiwasha, siku unayotaka, saa unayotaka. Nikaweka Alhamisi. Saa tatu na dakika arobaini. Kisahani cha jukwaani. Sikumwambia mtu. Zawadi haitangazwi.

Jana ilikuwa harusi ya mjukuu wa Bibi Taiba. Mitaani watoto walikuwa na mifuko shingoni wakiomba karanga na peremende nyumba kwa nyumba, ndiyo desturi ya nusu ya Shaabani, na njia zote zilijaa, kwa hiyo wageni walichelewa na kufika wote kwa mkupuo. Mlangoni upande wa wanawake palikuwa na foleni hadi kwenye magari.

Saa tatu na dakika thelathini na tisa simu ikalia.

Nikaitazama. Ilikuwa mapema kwa dakika moja. Nikapokea nikauliza taa ni rangi gani.

Masuma akasema, "Taa ni ya kijani. Hakuna kilichozimika. Nimepiga tu."

Akasema amekuwa akijiuliza kwa nini tusiongee kama watu. Akasema imepita miaka thelathini na moja tangu tuoane na hajawahi kuniambia kwamba sauti yangu kwenye waya ni ya kijana. Nikavuta pumzi nimjibu. Jibu nilikuwa nalo, la kweli, lilikuwa limefika kooni.

Kisahani kikajizima.

Nilichosahau ni hiki: ukichomoa plagi, kinarudi baada ya dakika moja na nusu. Kikijizima kwa ratiba, kinajikagua, kinauliza kampuni kama kuna mapya, kinajivalisha hayo mapya, kisha ndipo kinawaka. Dakika saba. Na tangu juzi Jumatano Muayad amehamishia visomeo vya kadi vya mlangoni kwenye kisahani hicho hicho, kwa sababu mimi nilimwambia miili inameza mawimbi. Mlango ukasimama. Wanawake sitini na kadi mikononi, Bibi Taiba mbele yao, hasomeki kwenye harusi ya mjukuu wake mwenyewe. Nilisikia kelele kupitia kwa Masuma kabla hazijapita ukutani. Akasema ngoja. Mkono wa simu ukabaki unaning'inia. Nilisikiliza ngoma, viatu, na Bibi Taiba akisema huyu mlinzi kipofu leo kalala. Nilishikilia hadi sikio likauma. Hakurudi.

Muayad alikuja mbio. Akasema ami, kisahani kimejizima chenyewe, hii haijawahi kutokea. Nikamwambia mifumo ya kisasa ina mambo yake. Amekesha nacho. Amewaandikia kampuni.

Sahani ilipita dirishani saa sita. Paja lilikuwa chini ya wali. Limau vipande viwili.

Leo asubuhi, akipita na nguo za watoto, Masuma ameniuliza kama kuna nililotaka kumwambia jana kwenye simu. Mama alikuwa pale, na Radhi, na mapacha. Nikasema litasubiri Alhamisi. Akatabasamu. Hilo nimeliona vizuri.

Baada ya sala nimekaa na karatasi kutafuta kosa. Halikuwa gumu. Lilikuwa ni saa. Nimeingia kwenye skrini nikasogeza hadi saa tatu na dakika hamsini na tano, ili tuwe na robo saa kwanza. Na ili lawama isiangukie kisahani kimoja, nimeviwekea vyote vinne.